Mioyo Iliyofika Mezani Kwangu

Nimekata mioyo mingi kuliko mtu yeyote unayemjua. Ya ng'ombe, usishtuke. Kwa miaka kumi na minane nilikuwa mkaguzi wa nyama katika machinjio moja nje kidogo ya mji wa Kitale, na kila asubuhi nilisimama kwenye meza ya saruji, gambuti miguuni, kisu mkononi, nikipasua moyo mmoja baada ya mwingine. Sheria ilitaka hivyo. Unaupasua, unaufungua, unatafuta vifuko vya tegu. Usipoona kitu kibaya unaupiga mzoga muhuri wa zambarau, na mwenye bucha anakwenda zake.

Watu waliniita daktari. Huku kwetu mtu yeyote anayegusa ng'ombe akiwa amevaa koti jeupe ni daktari, awe wa kudunga sindano, awe wa kupandisha mitamba, awe wa kutazama maini kama mimi. Mwanzoni nilikataa. "Mimi ni mkaguzi tu, bwana." Baadaye nikachoka kukataa. Baadaye zaidi, nisikudanganye, nikaanza kulipenda jina lenyewe. Nikienda nyumbani upande wa Kamukuywa, nikisikia mama wa kuuza nyanya akisema "dakitari amefika," kifua kilikuwa kinanifura. Kichwa maji kabisa.

Haya ninayoyaandika ni juu ya kaka yangu, na jinsi nilivyomuua kwa jina hilo. Nimejaribu mara nyingi kuyasema kwa maneno laini, nikashindwa, kwa hivyo nayasema hivi hivi.

Kaka alinitangulia kwa miaka saba. Alikuwa mtu wa plau ya ng'ombe. Asiyejua Bungoma anaweza kudhani kulima kwa ng'ombe ni kuwachapa tu wanyama wavute. Thubutu! Kule kwetu huyu ana dume moja, yule ana lingine, wa tatu ana plau, wa nne ana minyororo, na msimu ukifika wanaunganisha walivyo navyo na kulimiana kwa zamu. Lakini mtu wa kushika mikono ya plau hapatikani hovyo. Plau inaruka, inazama, inagonga jiwe, na wewe ndiye wa kuikandamiza na kuiinua kutoka asubuhi mpaka saa sita. Kijiji kizima kilimngoja yeye. Mtaro wake ulikuwa umenyooka hata wapita njia walisimama kutazama. Alikuwa akisema mtu mwenye mtaro uliopinda hata hadithi zake huwa zimepinda. Na akimaliza mashamba ya wenye ng'ombe, alimalizia ya wajane, bure, hataki hata kuku.

Miaka ile simu za mkono ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia vijijini. Mwezi wa sita, wakati wa palizi ya pili, kitu kilimshika kifuani akiwa shambani. Wakasema ni vidonda vya tumbo. Kwetu kila kinachouma kati ya shingo na kitovu ni vidonda vya tumbo. Akapewa maziwa, akapewa vidonge vyeupe vya kutafuna, akatapika, akatoa jasho la baridi siku mbili. Siku ya tatu mkewe, shemeji yangu, akanipigia kwa simu ya mwenye duka: "Shemeji, njoo. Huyu mtu amekuwa rangi ya majivu."

Nilikodi pikap nikamleta hospitali mjini Kitale. Alilala siku kumi. Walimpeleka Eldoret kupigwa picha ya moyo, tukarudi nayo, na daktari akatuita sisi wawili ofisini. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Alitusalimia vizuri, akamwita kaka "mzee," akachukua kipande cha karatasi akachora moyo. Aliuchora vizuri. Nilimwangalia kwa jicho la fundi anayemwangalia fundi mwenzake.

"Mzee, upande huu ulikosa damu," alisema. "Nyama ya hapa ilikufa."

"Imeoza?" kaka akauliza.

"Hapana, haikuoza. Sikiliza. Ndani ya moyo kuna seli za misuli. Hizo ndizo zinavuta, ndizo zinasukuma damu. Lakini katikati yake kuna seli nyingine, za tishu unganishi. Hizo hazivuti. Kazi yao ni kushikilia, kila kitu kikae mahali pake. Sasa misuli ikifa, hizi za kushikilia ndizo zinaamka. Zinahamia kwa kidonda, zinazaana, zinasuka nyuzi ngumu, zinaziba. Bila hizo moyo wako ungepasuka wiki ile ile, na hatungekuwa tunaongea."

"Basi nimepona," kaka akasema, akanigeukia.

"Umezibwa. Hujapona." Daktari alipaka wino pale kwenye mchoro. "Hapa pana kovu sasa. Kovu linashika, lakini halivuti. Misuli iliyobaki inafanya kazi yake na ya ile iliyokufa. Ukiilazimisha inatanuka. Tena hizi seli za kushikilia zina ubaya mmoja, hazijui kuacha. Moyo ukiteseka zinaendelea kusuka hata pale hapakuwa na kidonda, moyo unakuwa mgumu."

Nikamuuliza mimi, kwa sauti ya mtu anayejua: "Nyama mpya haimei?"

"Ini linamea. Ngozi inamea. Moyo wa mtu mzima unamea kidogo sana, hautoshi kuziba pengo." Halafu akatabasamu. "Kuna samaki mdogo wa mistari, hata kidole hamalizi. Ukimkata ncha ya moyo, seli zake zinaziba kama zetu, lakini baadaye lile kovu linayeyuka, misuli inarudi, moyo unakuwa mzima. Watu wanatafuta kujua kwa nini letu haliyeyuki. Wengine wanajiuliza kama hizi seli za kushikilia zinaweza kufunzwa kuvuta. Siku moja, labda. Si leo."

Kaka akacheka. "Ati samaki! Mungu amempenda samaki kuliko mimi? Na vile nimekula wengi!"

Tulicheka wote watatu. Kisha daktari akaacha kucheka. Akasema dawa ni kila siku, bila kukosa. Kutembea polepole, sawa. Kuinua gunia, hapana. Plau ya ng'ombe? Aliweka kalamu chini. "Hapana, mzee. Kabisa. Plau itakuua."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Kaka aliweka mikono yake juu ya magoti, ile mikono mikubwa yenye sugu, akawa anaitazama. Mimi nilikuwa na hasira. Nakumbuka hasira ile vizuri, na mpaka leo sijui ilikuwa ya nini. Labda ya kalamu zile nne. Labda ya kuona mtu aliyenisomesha ameambiwa kwa dakika kumi kwamba yeye si kitu tena. Maana bila plau kaka alikuwa nini? Alijua hivyo, na mimi nilijua.

Mwishowe akasema, bila kunitazama: "Wewe umekata mioyo mingi. Wewe unaonaje?"

Hapo ndipo. Ningesema, kaka, yule ndiye daktari, mimi ni mtu wa nyama. Ni maneno machache tu hayo.

Badala yake nikamwambia juu ya dume. Miezi michache nyuma mfanyabiashara mmoja alileta dume mzee aliyemnunua soko la Chwele. Shingo yake ilikuwa na sugu ya nira, ngumu kabisa, kwa hivyo alikuwa wa kulima. Nilipoupasua moyo wake kisu kilikwaruza. Kulikuwa na baka jeupe, upana wa kiganja, gumu kama gegedu, na ndani yake kipande cha waya kisichozidi sindano. Ng'ombe humeza waya na misumari wakila, chuma kinatoboa tumbo kinachoma moyo, na mwili unajenga ukuta kukizunguka. Nilimuuliza yule mfanyabiashara dume aliacha kulima lini. Akasema, "Kulima? Juzi tu alikuwa anavuta." Na huyo hakuwa wa kwanza. Katika miaka yangu nilikuwa nimeona kumi hivi, wote wa nira, wote na kovu moyoni, wote walivuta mpaka uzeeni.

"Kwa hivyo kovu ni kovu," nikamwambia. "Ng'ombe anavuta plau nalo. Wewe hata huvuti, unashika tu! Anayevuta si ni ng'ombe?"

Kaka akaanza kucheka polepole. "Unasema kweli?"

"Si ni mimi niliyekata? Yeye ameona kwenye picha. Mimi nimeona kwa macho."

Ungeona uso wake. Damu ilirudi. Aliinuka, akajinyoosha, akanipiga begani kwa nguvu. "Basi mama watoto huko nje asiambiwe haya mambo ya huyu msichana. Akisikia atanifungia kwa nyumba kama kuku anayelalia." Nikasema sawa. Mambo ya wanaume, tukayazika pale pale kwenye benchi.

Mke wangu nilimwambia. Yeye ni wa eneo la Kwanza, wazazi wake walihamia huko kutoka mkoa wa kati wakati mashamba ya wazungu yalipogawanywa, na kwao mtu huambiwa ukweli hata kama anakula. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kumenya viazi, kisha akasema: "Baba watoto, wagonjwa wako wote huwa wamekufa tayari. Umewahi kutibu hata mmoja akaamka?" Nilimfokea. Nikamwambia hajui kitu, akae na viazi vyake. Alikaa na viazi vyake. Hakusema tena neno juu ya jambo lile.

Msimu uliofuata kaka alilima. Nilikwenda mwezi wa tatu nikamkuta shambani, mtaro umenyooka kama zamani, anawaimbia ng'ombe kwa sauti yake mbaya. Shemeji aliniletea uji kwenye ukingo wa shamba, akasema, "Shemeji, Mungu akubariki. Nilidhani nimebaki mjane." Niliunywa uji ule na kushiba sifa. Kijiji kizima kilijua kuwa dakitari amemwangalia ndugu yake akasema moyo ni mzima. Wazee walinisimamisha njiani. Kaka aliacha zile dawa kabla ya mahindi kuota. Mtu aliyepona anywe dawa ya nini?

Mwaka wa pili nilianza kuona vitu, nikajifanya sivioni. Krismasi alikuja kwangu Kitale akiwa amevaa gambuti. Mwezi wa kumi na mbili, kiangazi, vumbi tupu, mtu mzima amevaa gambuti sebuleni. Nilijua. Alikuwa anaficha miguu iliyovimba. Alilala ameegemea mito mitatu, akasema ni mazoea ya uzee. Mke wangu alinitazama juu ya kichwa chake. Nikageuka nikawasha redio.

Kisha ikaja siku ya yule ng'ombe mfu.

Ilikuwa mwezi wa tatu, Jumatatu. Mkulima mmoja alifika langoni na pikap, nyuma amelaza dume la kulima, limekufa. Sheria ya machinjio ni moja na haina mjadala: mnyama anayefika amekufa haingii. Hachunwi, hakatwi, hapigwi muhuri. Anarudishwa alikotoka au anatupwa shimoni. Yule mkulima alinibembeleza kweli kweli. "Dakitari, si uliguse, bado liko na joto. Limeanguka asubuhi hii." Nilikuwa nimewafukuza watu kama yeye miaka mingi, kwa sauti kali, bila kufikiri. Siku ile sijui kilichonipata, nikamuuliza: "Limeangukaje?"

"Lilikuwa linalima," akasema. "Lilisimama tu katikati ya mtaro. Likapiga magoti, likalala."

Nikamwambia alipeleke shimoni, nikachukua kisu nikamfuata. Nilikipasua kifua pale pale kwenye nyasi. Moyo ulikuwa na baka jeupe, lile lile nililolijua, upana ule ule, ugumu ule ule. Lakini kando ya baka nyama ilikuwa imetanuka, imekuwa nyembamba hata nikauona ukucha wangu upande wa pili. Moyo wote ulikuwa mkubwa, umelegea. Ndivyo alivyosema yule daktari, neno kwa neno, na kalamu yake.

Nikakaa kwenye nyasi. Yule mkulima alidhani nimeugua.

Miaka yote ile, mioyo niliyoikata ilikuwa ya ng'ombe waliofika machinjioni kwa miguu yao. Wale ambao kovu liliwashinda hawakufika. Walianguka shambani, wakazikwa, au wakapikwa kijijini kimyakimya kabla mtu wa serikali hajasikia harufu. Na wachache walioletwa, mimi mwenyewe niliwafukuza langoni bila kuwatazama. Nilikuwa nimewaona waliopona tu, nikadhani wote hupona. Mjinga! Mjinga mwenye muhuri!

Nilimpigia kaka simu saa ile ile. Alikuwa amenunua yake, alikuwa akiipokea kwa kelele kana kwamba niko ng'ambo ya mto. "Ndugu yangu! Habari ya huko!"

"Nzuri. Uko shambani?"

"Nimetoka sasa hivi. Mvua imekaribia, bana. Nimebakisha lile la mjane wa ng'ambo. Kesho naanza, kesho kutwa nimemaliza."

"Kaka, nataka yule daktari akuangalie tena."

"Kwa nini? Si ulisema?"

"Nilisema."

"Sasa unasema nini?"

Mkononi nilikuwa bado na damu ya lile dume. Kitu kilichotakiwa kusemwa nilikuwa nacho mdomoni, kimeiva: nilikosea, weka plau chini, sasa hivi, usiiguse. Lakini kusema hivyo ni kusema kwamba miaka miwili nilikuwa nimemdanganya kaka yangu kwa sababu nilipenda kuitwa daktari. Nikasikia wenzangu wa kazi wanacheka kule machinjioni. Nikasikia kaka anapumua kwa simu, pumzi fupi fupi, kama aliyepanda mlima.

"Nasema umalize," nikamwambia. "Halafu uje Ijumaa, tuonane naye."

"Haya. Ijumaa."

Hiyo ndiyo sentensi niliyo nayo. Nasema umalize. Nimeamka nayo kila asubuhi tangu hapo.

Alikufa Jumatano, kabla ya saa tatu. Waliokuwa naye walisema alimaliza mtaro wa tano, wakafika mwisho wa shamba, akamwambia anayeongoza ng'ombe asimame kidogo. Akakaa juu ya plau. Walidhani anatoa jiwe kwenye kiatu. Walipomwita hakuitika. Watu walikimbia huku na huku, mmoja kutafuta gari, mwingine kumwita shemeji, na ng'ombe wakabaki wamesimama na nira yao mpaka mchana, hakuna aliyekumbuka kuwafungua.

Katika mazishi kila aliyeshika kipaza sauti alisema kazi ya Mungu haina makosa. Mchungaji alisema, chifu alisema, mwenyekiti wa ushirika alisema. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele nikiwa nimeuma meno. Msimsingizie Mungu, nilitaka kupiga kelele. Makosa yapo, yamekaa hapa, yamevaa tai.

Kisha shemeji akasimama. Alishikwa mikono na wanawake wawili. Aliwashukuru watu kwa kufika, akashukuru kanisa, halafu akanitafuta kwa macho. "Na ninamshukuru shemeji yangu, dakitari wetu," akasema. "Mzee wangu alitoka hospitali akiwa mtu wa kukufa. Ni huyu alimpa misimu miwili. Alikufa akiwa mwanaume, na plau yake. Shemeji, simama watu wakuone."

Nikasimama. Watu wakapiga makofi. Naomba usome tena hapo, kama huamini: nilisimama, nikainamisha kichwa kuwashukuru, nikakaa.

Miezi ikapita. Mwezi wa nane nilikwenda kumwona shemeji, mahindi mabichi yakiwa tayari. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akachemsha chai. Hatukuwa tumekaa sana akaingia jirani mmoja, mwanamume wa makamo, mtu wa kulima pia, mwenye pumzi fupi na miguu iliyofura mpaka kwenye magoti. Shemeji ndiye aliyemwita. Alikuwa amemngojesha tangu wiki iliyotangulia, mpaka nije.

"Dakitari," yule mtu akasema, akinipa mikono yote miwili, "kule hospitali ya Bungoma wameniambia moyo umekuwa mkubwa. Ati nisishike jembe. Nikasema, ngojeni kwanza, kuna mtu wetu mwenye anajua mambo ya moyo."

"Mwambie, shemeji," mke wa kaka akasema, akimimina chai. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. "Mwambie vile ulimwambia mzee wangu."

Nikamwambia arudi kliniki. Nikamwambia wakisema meza dawa, meza, wakisema kaa, kaa. Uso wake ulianguka. Akasema kwa upole, kama mtu anayeumizwa lakini ana adabu: "Kwa hivyo ukweli ulikuwa wa ndugu yako peke yake. Sisi wengine turudi kwa hao wa kutisha watu."

Ningeweza kumwacha aende na uchungu wake. Lakini niliona miguu ile. Nilijua atatoka pale, atasema dakitari amemnyima, na kesho atashika jembe kwa hasira. Basi nikasema. Nilisema yote, mbele yake na mbele ya shemeji, bila kupumua: yule daktari mwanamke na mchoro wake, plau itakuua, benchi, dume la Chwele, mambo ya wanaume, ng'ombe mfu, simu, nasema umalize. "Sikumpa misimu miwili," nikasema. "Nilimnyang'anya iliyobaki. Mimi si daktari. Nenda hospitali, ndugu yangu, leo, usilale."

Yule jirani aliinuka bila kugusa chai. Alikwenda kweli, na alimeza dawa zake, na miaka mingi baadaye bado nilikuwa namkuta sokoni Kamukuywa, mwembamba, amekaa kivulini, anauza vitunguu.

Tulibaki wawili. Shemeji alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini polepole. Nilingoja alie, au anifukuze, au anitupie chai ile usoni. Ningeshukuru.

"Hayo maneno ya plau," akasema, "alisema siku gani?"

"Siku ile tulirudi Kitale na picha kutoka Eldoret."

"Siku ile nilikuwa hapo nje ya hospitali." Alisema taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. "Nilikuwa nimekaa kwa pikap na nguo zake. Mlitoka mkicheka. Nikauliza daktari amesema nini, mkasema amesema yuko sawa."

Ilikuwa kweli, tulitoka tukicheka.

"Mngeniambia mimi," akasema. "Ningemkataza. Ningeuza ile plau. Angenipigia kelele, angesema nimemfanya mwanamke, angenichukia kabisa. Lakini angekuwa amekaa hapo kwa hicho kiti, ananichukia."

Kiti chenyewe nilikuwa nimekikalia mimi. Nikainuka, na sikujua nisimame wapi.